Krismasi ya njiwa wawili

Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Thika, ukaipita Kenol, utafika mahali ambapo njia hugawanyika. Moja huendelea Sagana, Karatina na Nyeri. Ya pili hushika upande wa kulia, ikapenya katika mashamba ya mpunga ya Mwea hadi Embu, Runyenjes, Chuka, Nkubu na mwishowe Meru. Hapo zinapogawanyika ndipo paitwapo Makutano. Nawe ukiifuata hiyo njia ya kulia hadi Meru mjini, utakuta huko mtaa mwingine wenye maduka, hoteli na pilikapilika za mchana na usiku, nao pia waitwa Makutano. Kati ya Makutano ya kwanza na Makutano ya pili ndipo hupita, kila Desemba, maelfu ya watu wanaorejea makwao kwa sikukuu. Utawaona wamepakata watoto, na juu ya matatu kumefungwa mifuko ya unga wa ngano, sukari, mafuta ya kupikia, na blanketi la nyanya lililonunuliwa Gikomba dakika ya mwisho.

Leo, msomaji mpendwa, sitaki kuzungumza juu ya hao wanaopita. Nataka tuzungumze juu ya yule asiyepita.

Kila mtaa wa Nairobi unaye. Yuko Githurai, yuko Kayole, yuko Kawangware. Huenda ni baba wa watoto watatu ambaye kampuni ilimwachisha kazi mwezi wa Agosti na hadi leo hajawaambia wazazi wake. Huenda ni msichana anayeuza nguo za mitumba na hajalipa kodi ya miezi miwili. Huenda ni mwanafunzi wa chuo ambaye nauli aliyotumiwa aliilia chakula. Ifikapo tarehe 20 Desemba, simu huanza kulia. Ni mama, kutoka kijijini.

"Mwanangu, mnafika lini? Baba yako anauliza."

"Mama, mwaka huu kazi zimekuwa nyingi. Sidhani kama nitapewa ruhusa."

"Hata siku moja tu?"

"Hata siku moja, Mama. Nitawatumia kitu kidogo."

"Haya basi. Mungu akulinde, mwanangu."

Mama si mtoto. Anajua hakuna kazi. Lakini naye anahofia kumwaibisha mwanawe, basi hukubali ule uongo na kuuweka pembeni, na siku ya Krismasi majirani wakiuliza atawaambia vivyo hivyo, kwamba mtoto amezuiwa na kazi. Hivyo watu wawili wanaopendana hukaa mbali, kila mmoja akilinda heshima ya mwenziwe, na sikukuu hupita.

Kinachomzuia kijana huyo si nauli peke yake. Nauli hupanda Desemba, hilo twalijua, na makanga hana huruma wiki hiyo. Lakini nauli mtu aweza kuikusanya hata kwa kuuza redio. Kinachomzuia ni methali moja tuliyofunzwa sote utotoni, kwamba mkono mtupu haulambwi. Anaona kwamba akiingia bomani bila kilo mbili za nyama na pakiti ya majani chai, watu watamtazama mikononi kabla ya kumtazama usoni. Wadogo zake watauliza ameleta nini. Shemeji aliyekuja na gari atamkaribisha soda kwa sauti ya kumwonea huruma. Heri kukaa mjini, kujifungia chumbani, na kulala siku nzima.

Hali yenyewe ni ngumu kweli, wala sisemi haya kwa kumdharau mtu. Wafanyakazi wa mishahara walianza kukatwa asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba mwaka 2023, na Oktoba 2024 ikaongezwa asilimia 2.75 ya bima mpya ya afya mahali pa ile hazina ya zamani. Katikati ya hayo, Septemba 2023, lita moja ya petroli jijini ilivuka Sh200 kwa mara ya kwanza. Petroli ikipanda hupanda nauli, na nauli ikipanda hupanda nyanya, sabuni na kila kitu kinachosafirishwa kwa lori. Waliokuwa wakijiita watu wa kadiri wamejikuta wakihesabu sarafu kama walalahoi wengine.

Na huko nyumbani anakokuogopa hali si nafuu kuliko mjini. Watu wa Meru na Embu wamekula Krismasi nyingi za ukata. Wazee wanaikumbuka ya mwaka 1984, mwaka wa ukame, serikali ilipoagiza mahindi ya manjano kutoka ng'ambo na ugali wake ukawa hadithi hadi leo. Wanaikumbuka ya 1989, baada ya mkataba wa kimataifa wa kahawa kuvunjika mwezi wa Julai na bei kuporomoka, hata wakulima wengine wakaiacha mibuni imezwe na magugu. Mwaka 1993 mfumko wa bei ulifika kiasi cha asilimia 46, yaani kitu cha shilingi kumi kikawa karibu shilingi kumi na tano kabla mwaka haujaisha, na mshahara ukabaki ulipokuwa.

Kisha kuna habari ya miraa kule Igembe na Tigania. Juni 2014 Uingereza iliipiga marufuku, na Uholanzi ilikuwa imekwisha kutangulia. Somalia nayo ikafunga mlango Machi 2020, wakati wa korona, na haikuufungua tena hadi Julai 2022. Hesabu mwenyewe: Krismasi ya 2020 na ya 2021 zote zilipita soko hilo likiwa limefungwa. Ubishi wa kama Mkristo apaswa kuilima miraa au kuiacha una siku yake. Ninachosema ni kwamba kulikuwa na nyumba nyingi ambamo karo, dawa na chapati za Krismasi vyote vilitoka katika miti ile, na ghafla hakukuwa na kitu. Krismasi ya 2020 hata mkesha wenyewe ulikuwa taabu, maana kulikuwa na amri ya kutotoka nje usiku.

Nakwambia haya yote ili ujue kwamba baba na mama unaowaogopa ni mabingwa wa Krismasi bila pesa. Hutawafundisha kitu. Wewe unayeona haya kwa sababu mwaka huu umeanguka, wao wameanguka na kuinuka mara nne au tano, na kila mara, ilipofika tarehe 25, walivaa nguo zilizofuliwa wakaenda kanisani.

Sasa tuifungue ile habari yenyewe ambayo kwa ajili yake twasherehekea. Twaisikia kila mwaka ikisomwa, na kwa kuwa twaijua sana hatuisikilizi. Luka anasema Kaisari Augusto alitoa amri watu wote waandikwe, kila mtu katika mji wa asili yake. Yusufu alikuwa fundi seremala huko Nazareti, kwa hivyo ikambidi afunge safari ya zaidi ya kilomita 100 hadi Bethlehemu, akiwa na mchumba wake mjamzito. Kwa lugha yetu ya Nairobi, Yusufu alikwenda ushago. Alikwenda kwa amri ya watu wa kodi, bila nafasi iliyowekwa mahali popote, na alipofika kwa watu wa ukoo wake hasa, hakupata hata chumba. Mtoto akalazwa katika hori la kulishia ng'ombe. Krismasi ya kwanza, basi, ilikuwa safari ya mtu asiye na kitu kwenda kwao.

Wa kwanza kupewa habari walikuwa wachungaji. Tunawachora katika kadi wakiwa wasafi, wamebeba wanakondoo weupe kama pamba, lakini Luka anasema walikuwa kazini wakishika zamu ya usiku. Walikuwa mabawabu wa mifugo. Vijana wetu wengi kutoka Tigania na Mbeere ambao watakuwa langoni pa jumba la mtu mwingine usiku wa tarehe 24, wakiwa na koti zito na tochi, wangewaelewa watu wale upesi kuliko sisi tunaolala. Malaika hakusubiri hadi wamalize zamu, wakaoge, waje hekaluni. Aliwakuta palepale kazini.

Lakini kisa ninachotaka ukitazame sana huja siku arobaini baadaye, na aghalabu hakisomwi siku ya Krismasi, ndiyo maana hatukiwazi. Sheria ya Musa, katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 12, iliagiza kwamba mwanamke aliyejifungua alete sadaka hekaluni, mwanakondoo wa mwaka mmoja pamoja na ndege. Ila mwishoni mwa sura hiyo pana kifungu cha huruma. Kama mama huyo hana uwezo wa kupata mwanakondoo, basi na alete ndege wawili tu, hua au makinda ya njiwa. Hiyo ilikuwa sadaka ya maskini, nayo iliandikwa katika sheria mchana kweupe, tena kuhani alitakiwa kuipokea sawasawa na ile ya tajiri.

Luka, sura ya 2, anatuambia Yusufu na Mariamu walipeleka ndege wawili.

Hakufafanua, kwa kuwa wasomaji wake waliijua sheria wakaelewa mara moja: watu hawa hawakuwa na pesa ya kondoo. Mwana wa Mungu, kama tuaminivyo, aliletwa mbele ya Baba yake kwa sadaka ya mkata. Dhahabu ya mamajusi ilikuwa bado. Mathayo anasema wageni wale walimkuta mtoto nyumbani, na wafasiri wengi wanaona kwamba hiyo ilikuwa baadaye. Mtu mwenye dhahabu kapuni hapeleki njiwa.

Sasa fikiria safari ile. Kutoka Bethlehemu hadi Yerusalemu ni kilomita 9 hivi. Yusufu ni mwanamume, ana heshima yake, anaingia katika jengo kubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona, na pande zote watu wanaswaga kondoo zao. Yeye ana kitundu chenye ndege wawili. Bila shaka alitazamwa mikononi. Hata hivyo haandikwi popote kwamba alikopa kondoo, wala kwamba alimwacha mkewe nje kwa aibu, wala kwamba alighairi akasema tutakuja mwakani mambo yakinyooka. Aliingia na alichokuwa nacho.

Je, waliomlaki walikuwa akina nani? Wazee wawili. Simeoni, mtu aliyekuwa amengoja maisha yake yote, na Ana, mjane wa miaka 84. Simeoni alinyosha mikono akampokea mtoto, akamshukuru Mungu. Ana akawaambia watu habari zake. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeuliza ni nini kilichomo ndani ya kitundu. Wazee wanaongoja, ndugu yangu, hungoja mtu. Yule mama aliyekupigia simu tarehe 20 ni wa kabila hilo la Simeoni na Ana.

Kondoo wa kukopa ndiye mwenye hatari siku hizi, kwa sababu amekuwa rahisi mno kupatikana. Zamani mtu aliyetaka kukopa ilimbidi aende kwa jirani, au kwa chama cha ushirika, na huko aliulizwa maswali. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, na M-Shwari ikafuata Novemba 2012, na Fuliza Januari 2019, mtu hukopa akiwa amelala kitandani, na hakuna anayemwuliza lolote. Sisemi huduma hizi ni mbaya. Zimewahi kumfikisha mgonjwa hospitali usiku wa manane. Nasema tu tupige hesabu.

M-Shwari ilipoanza ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Tuchukue kiwango hicho. Umekopa Sh10,000 tarehe 20 Desemba ili uingie kijijini kwa kishindo. Siku 30 zitakwisha tarehe 19 Januari, na utatakiwa kulipa Sh10,750. Tarehe 19 Januari wewe uko wapi? Uko katikati ya mwezi ambao vijana wameubatiza Njaanuari, shule zimefunguliwa, mwenye nyumba anagonga mlango. Huna. Mkopo unasongezwa mbele na ada nyingine inaongezwa. Asilimia 7.5 kwa mwezi, ukiihesabu kwa mwaka mzima, ni 90. Ulipe riba ya namna hiyo kwa ajili ya mbuzi aliyeliwa kwa saa mbili, na walioshiba wakakusifu, na waliokusifu wasijue umelala njaa Februari?

Na karo ndiyo hiyo inakungoja. Kwa miaka mingi kiwango rasmi cha serikali kwa mwanafunzi wa bweni katika shule ya kitaifa kimekuwa Sh53,554 kwa mwaka, mbali na sare, godoro, sanduku na yale mengine ambayo hayaandikwi kwenye waraka. Kondoo wa kukopa hula karo. Hili ningependa kila baba alipime kabla hajabonyeza simu yake.

Kuna wengine nao watakaokuambia kwamba dawa ya ukata ni kupanda mbegu. Utawasikia redioni na katika mikutano ya mkesha wa mwaka mpya: leta elfu moja, leta elfu kumi, Mungu ataizidisha mara mia kabla ya Machi. Mimi si mwanateolojia, lakini kama mambo ndiyo hayo, mbona Mariamu hakuambiwa akope kondoo ili abarikiwe? Sheria yenyewe ilimpunguzia mzigo. Kanisa linalomwongezea maskini mzigo siku ya Krismasi limeisoma Biblia kichwa chini miguu juu. Wapo viongozi wa kanisa waliokwisha kuonyesha kwamba sadaka kubwa si lazima ipokelewe. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilitangaza kwamba litarudisha Sh2.6 milioni ambazo Rais William Ruto alikuwa ametoa katika kanisa la Soweto, mtaani Kayole. Watu walibishana sana juu ya jambo lile, na siasa zake siziingilii, ila mjane mwenye noti ya hamsini katika kanisa lile bila shaka aliketi wima Jumapili iliyofuata.

Kuna dawa ya tatu ya aibu, nayo ni chupa. Sipendi kuitaja katika msimu wa furaha, lakini ukweli ni kwamba mtu aliyekata tamaa akikosa pesa ya bia hutafuta ya bei rahisi. Mei 2014 pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa za nchi hii, na Embu ilikuwa miongoni mwa zilizoumia sana. Wengine walionusurika walipofuka. Miaka kumi baadaye, Februari 2024, msiba wa namna hiyohiyo ukakifika kijiji cha Kangai katika Kaunti ya Kirinyaga. Ukimwona nduguyo anaanza kunywa mchana Desemba hii, usimchekee wala usimhubirie. Mketi naye, umwulize anadaiwa na nani.

Naam, huenda mtu akasema: mwandishi, umetunyima mkopo, umetunyima mbegu na umetunyima chupa, basi tumaini liko wapi? Sitakudanganya kwamba imani itakuongezea mshahara. Wakristo wengi wema watauanza mwaka ujao wakiwa na madeni. Tumaini ninalolijua mimi lina umbo la watu. Kigari kule Embu walipofika wamisheni wa Kianglikana mwaka 1910, Imenti walipofika Wakatoliki wa Consolata mwaka uliofuata, Kaaga walipofika Wamethodisti mwaka 1912, Chogoria alipofika Daktari Irvine wa Kipresbiteri mwaka 1922, hawakuanza kwa ibada peke yake. Palizuka darasa, palizuka zahanati, na kwa muda si mrefu wenyeji wenyewe wakawa ndio wanaobebana. Hospitali ya Chogoria ipo hadi leo. Watu walijifunza mapema kwamba kwenda kanisani ni kuingia katika kundi ambalo litajua ukiugua.

Sisi wa mjini ndio tuliosahau. Twaweza kusali mahali miaka mitano na jirani wa kitini asijue jina letu. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliliona hilo, na katika mkutano wao wa Nairobi mwaka 1976 wakazikazia jumuiya ndogondogo, zile nyumba kumi au kumi na tano zinazokutana kwa zamu sebuleni. Waprotestanti nao wana vikundi vyao vya majumbani. Kama unaye mtu mmoja katika kikundi cha namna hiyo unayeweza kumwambia, "Dada, mwezi wa Agosti niliachishwa kazi," mwambie wiki hii, kabla ya sikukuu. Usingoje wakuone huna. Jumuiya nyingi zina mfuko wa dharura na hazina habari nani wa kumpa, kwa sababu kila mtu huja amevaa vizuri na kusema mambo ni sawa.

Watoto pia waambiwe. Wazazi wengi huficha, na mtoto hungoja viatu vipya hadi jioni ya tarehe 24, akalala akilia. Mtoto wa miaka saba anaelewa akiambiwa mapema na kwa upole, "Mwaka huu baba hana kazi, kwa hiyo hatutanunua nguo, lakini tutapika chapati na utanisaidia kukanda." Kumbuka kwamba katika nyumba nyingi chapati zilikuwa chakula cha Krismasi peke yake, na utamu wake ulitokana na kungojwa mwaka mzima. Kilo mbili za unga wa ngano huwashibisha watu wengi zikikandwa na mtu anayejua kazi. Mmoja wao atawasha moto, mwingine atachoma vidole, na hilo watalikumbuka kuliko viatu.

Nanyi wanafunzi, mlio vyuoni na mmekosa nauli, sineni peke yenu. Wapigieni wazazi mseme ukweli, hata kama mliilia ile ya kwanza. Wengine mwaweza kwenda watatu kwa usafiri wa mwenzenu mmoja, au kungoja tarehe 27 wakati magari yanarudi bara matupu kuchukua abiria wa mjini, na nauli ya kupanda mlima aghalabu hulegea. Krismasi kwa Wakristo wa zamani haikuwa siku moja. Iliendelea hadi Epifania, tarehe 6 Januari. Atakayefika tarehe 28 bado amefika ndani ya Krismasi.

Basi yule ndugu wa Githurai, wa Kayole, wa Kawangware, rudi kwenye simu. Mpigie mama. Mwambie hukuwa na kazi za kukuzuia, umekosa kazi kabisa, na kwamba unakuja. Ataguna kidogo. Halafu atakuuliza utafika saa ngapi.

Kama una Sh300, gari likisimama Wang'uru nunua kilo ya mchele wa pishori pale kando ya barabara, maana nyumba itanukia na huo ni njiwa wa kutosha kabisa. Kama huna, basi beba mikono yako. Boma la wazee halikosi ua lililoanguka, mlango wa zizi uliolegea, au kuni zinazohitaji kupasuliwa, na baba mwenye miaka sabini hajui ataupanda vipi mti wa parachichi mwaka huu. Methali nyingine tuliyofunzwa, na ambayo hatuitaji sana Desemba, ni kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nenda nao kanisani asubuhi. Vaa shati lililopigwa pasi. Wakati wa matoleo toa shilingi ishirini zako kwa mkono wa kulia bila kukunja ngumi.

Majirani watakutazama mikononi, hilo sitakuficha. Shemeji mwenye gari atakununulia soda. Ipokee, ushukuru, umwulize habari za kazi yake. Huenda naye gari ni la mkopo.

Na siku ya kurudi, usishangae mambo yatakavyogeuka. Nani hajawahi kuwaona abiria wanaoteremka kutoka Meru mwanzoni mwa Januari? Wamezongwa na mizigo kuliko walivyokuja: mkungu wa ndizi, nduma, viazi, maharagwe ya gorogoro mbili, parachichi zilizofungwa ndani ya sweta ili zisipondeke, na chupa ya maziwa ambayo mama alisisitiza ifike ikiwa baridi. Yule aliyeogopa kwenda mikono mitupu ndiye atakayekosa mahali pa kuweka miguu. Ila makanga hutoza gunia nauli yake, kwa hivyo patana naye bei palepale Makutano ya Meru kabla halijapandishwa juu ya gari, kwa sababu ukifika Makutano ya Mwea hatakusikiliza tena.